Zuio la Muda Halikupi Kiwanja

Mtu akikuta lori limeshusha tofali na mchanga kwenye kiwanja anachokiita chake, ushauri wa kwanza anaopewa mtaani ni mmoja: nenda kaweke zuio. Ushauri huo si mbaya. Tatizo ni matarajio yanayoambatana nao. Wengi huenda mahakamani au kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba wakiamini kuwa zuio ni hukumu ndogo, kwamba ukilipata umeshinda nusu ya kesi na mvamizi atafungasha virago. Wakinyimwa, au wakipewa amri inayowafunga mikono wao wenyewe pamoja na mpinzani wao, wanasema hakimu kanunuliwa. Mwongozo huu una hoja moja tu, na ushauri wote uliomo unatoka ndani yake: zuio la muda halimlindi mdai. Linalinda kile kinachogombewa, kisije kikaharibika kabla swali la nani mwenyewe halijajibiwa. Ukilishika hilo utajua uombe nini, lini, kwa ushahidi upi, na kipi usijisumbue kukiomba. Nitazungumzia zaidi sheria ya Tanzania Bara. Kenya nitaigusa pale inapofanana au inapoachana nayo, kwa sababu mahakama za nchi hizi mbili zimekuwa zikisomana hukumu tangu zamani.

Kwanza tutenganishe mambo yanayochanganywa. Kuna pingamizi linalowekwa kwa Msajili wa Hati: hilo huzuia kiwanja kilichosajiliwa kisihamishiwe jina la mtu mwingine, lakini halizuii hata tofali moja kupandishwa juu ya jingine. Kuna alama ya X nyekundu inayopigwa ukutani na halmashauri: hiyo ni habari ya mipango miji na vibali, haisemi lolote kuhusu wewe na jirani yako. Zuio la muda ni amri ya mahakama au baraza, inayotolewa ndani ya shauri lililofunguliwa tayari, chini ya Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina kanuni zake za mwaka 2003, na pale zinaponyamaza hufuata sheria hiyohiyo. Maneno ya Amri ya 37 yenyewe yanaunga mkono hoja yangu: mahakama inaweza kuzuia pale inapothibitishwa, kwa hati ya kiapo au kwa njia nyingine, kwamba mali inayogombewa iko hatarini kufujwa, kuharibiwa, kuuzwa au kupungua thamani. Kinachotazamwa hapo ni hatari inayoikabili mali. Uchungu wa mwenye mali haukutajwa.

Majaji wamejenga juu ya maneno hayo vigezo vitatu ambavyo kila wakili nchini anavijua kwa jina la kesi, Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969. Mwombaji aonyeshe kwamba kuna swali zito la kuamuliwa na kwamba yaelekea anaweza kushinda. Kwamba bila mahakama kuingilia kati atapata madhara ambayo hukumu ya baadaye haitaweza kuyafidia. Na kwamba, kwenye mizani, usumbufu atakaoupata yeye akinyimwa ni mkubwa kuliko atakaoupata mwenzake amri ikitolewa. Kwa Tanzania, vigezo hivi hutakiwa kutimia vyote kwa pamoja. Kenya hutumia kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, yenye vigezo vinavyofanana, ila mizani ya usumbufu hutazamwa pale mahakama inapokuwa na shaka. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Nguruman, ilisisitiza kwamba vigezo hivyo ni kama viunzi vya mbio: usiporuka cha kwanza, huna haja ya kukikaribia cha pili.

Kigezo cha kwanza ndicho kinachowachosha watu bila sababu. Mwombaji hujaza kurasa ishirini za kiapo akisimulia historia ya ukoo tangu babu alipofyeka pori, kana kwamba leo ndiyo siku ya hukumu. Hakimu hatakiwi kuamua umiliki katika hatua hii, na akifanya hivyo atakuwa ameimaliza kesi kabla ya kusikiliza shahidi hata mmoja. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba una dai la kweli linalosimama kwenye jambo fulani: barua ya toleo, hatimiliki, leseni ya makazi, mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa, muhtasari wa mkutano wa kijiji uliokugawia ardhi, au basi miaka mingi ya kulima na kuvuna bila kubughudhiwa. Karatasi moja inayosema jambo moja wazi inatosha kuliko visa kumi. Mpinzani wako naye akileta karatasi yake, usibabaike. Karatasi mbili zinazogongana ndizo zinazolifanya swali kuwa zito.

Kigezo cha pili ndicho kinachoangusha maombi mengi, na hapa nikuombe usome polepole. Neno kutofidika halina maana ya kuumia. Mtu anaweza kuumia sana na bado madhara yake yakafidika, kwa kuwa mahakama huuliza swali moja kavu: mwishoni mwa kesi, je, pesa zitaweza kurudisha kilichopotea? Nyumba ya kupangisha ikikaliwa na mtu mwingine kwa mwaka mzima, kodi ya miezi kumi na miwili inahesabika kwa kalamu na karatasi, na hakimu atakuuliza kwa nini usisubiri ulipwe. Lakini shamba lenye mikorosho iliyoanza kuzaa likikatwa miti, hakuna hundi itakayoirudisha miaka ya kuikuza. Eneo likichimbwa mchanga hadi likabaki shimo, hilo halifukiwi kwa hukumu. Makaburi ya familia yakisawazishwa kwa greda, hasara hiyo haina bei. Nyumba unayolala na watoto ikibomolewa, sina haja ya kueleza. Na kuna madhara ambayo wengi hawayataji: kiwanja kikiuzwa kwa mtu wa tatu wakati kesi inaendelea, utajikuta unafuatilia mlolongo wa wanunuzi, kila mmoja akidai alinunua kwa nia njema. Kwa hiyo katika kiapo chako usiandike tu kwamba utapata hasara isiyofidika. Sentensi hiyo imeandikwa katika viapo vingi mno hata haisikiki tena. Andika kitu gani kitapotea, kinapoteaje, na kwa nini hakitarudi. Taja idadi ya miti, urefu wa shimo, tarehe ya lori la kwanza.

Hapa kuna ubishi wa haki kabisa. Utasema: ardhi yote ina bei siku hizi, kila dalali anajua kiwanja cha mtaa wangu ni shilingi ngapi, basi kwa mantiki hii hakuna ardhi isiyofidika. Wapo mahakimu wanaofuata mkondo huo, na wapo wanaoona kwamba ardhi, hasa ile mtu anayoishi au kula kwayo, si bidhaa ya dukani. Mimi naona wa pili wako karibu zaidi na maisha ya watu, lakini sikushauri utegemee maoni ya hakimu utakayempata. Tegemea ushahidi. Kiwanja kitupu ulichokinunua ili ukiuze baadaye ni vigumu kukitetea kwa kigezo hiki, na ni afadhali uombe amri ndogo zaidi: kisiuzwe, kisiwekwe rehani, kisijengwe jengo la kudumu. Shamba unalolila wewe na wanao lina nguvu yake, ukilieleza hivyo.

Mizani ya usumbufu haihitaji maneno mengi. Jiweke kwenye nafasi ya mwenzako uone ataumia wapi, kisha pendekeza njia ya kumpunguzia. Kodi ya wapangaji iwekwe kwenye akaunti ya mahakama badala ya kuliwa na upande mmoja. Mazao yaliyoiva yavunwe na hesabu itunzwe. Mwombaji atoe dhamana. Sheria inaruhusu masharti ya aina hii, na mwombaji anayeyapendekeza mwenyewe huonekana mtu wa haki mbele ya hakimu ambaye siku nzima amekuwa akisikiliza watu wanaotaka kila kitu.

Sasa tufike kwenye maneno mawili yanayoleta ugomvi kuliko yote: hali ilivyo. Mara nyingi hakimu, badala ya kumzuia mmoja, huwaambia wote wawili watunze hali ilivyo mpaka shauri liishe. Kila mtu hutoka nje ya jengo akiwa ameshinda. Anayejenga anasema hali ilivyo ni kwamba mimi najenga. Anayelalamika anasema hali ilivyo ni kwamba kiwanja kilikuwa kitupu. Wiki ya pili wanapigana. Kosa hapo ni la anayeomba, kwa kutouliza: hali ya siku ipi? Kwa kuwa shabaha ya amri ni kulinda mali, hali inayostahili kulindwa ni ile ya amani iliyokuwapo kabla ugomvi haujaanza. Hali iliyotengenezwa haraka kwa ajili ya kesi haistahili ulinzi huo. Hoja hiyo ipo na inakubalika, lakini itabebwa na ushahidi wa tarehe. Piga picha zinazoonyesha siku. Mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wa kijiji aje aone na aandike alichokiona. Pata majina ya majirani wa mipakani, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Weka stakabadhi za kodi ya ardhi, bili za maji, risiti za LUKU. Kama kuna bikoni, rekodi namba zake kabla hazijang'olewa. Kisha katika maombi yako andika amri unayoitaka kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili: mjibu maombi, watumishi na mawakala wake wasiendelee kujenga, kuchimba, kukata miti, kuuza wala kuingiza mtu mwingine kwenye kiwanja fulani chenye mipaka fulani, ambacho tarehe fulani kilikuwa na msingi wenye kimo cha kozi tatu. Hakimu mwenye amri iliyoandikwa vizuri mezani ana sababu ya kuikopi. Na kwa kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, hakuna sababu ya kusaini kiapo usichokielewa.

Kuhusu muda, nitakuwa mkali kidogo. Anayekuja baada ya nyumba kufika lenta hana tena cha kuzuia. Anaomba kubomolewa, na hilo ni jambo jingine. Ucheleweshaji pia unajibu swali la dharura: kama ulikaa miezi minne ukitazama, hatari yako ilikuwa wapi? Lakini kuna kikwazo cha kisheria lazima ukijue mapema. Zuio la kawaida chini ya Amri ya 37 linahitaji shauri lililofunguliwa, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei mgogoro wa ardhi ambao haujapita usuluhishi wa Baraza la Kata. Tangu 2021 Baraza la Kata haliamui tena. Linasuluhisha tu, na likishindwa hutoa cheti, au zikipita siku 30 bila suluhu unaruhusiwa kuendelea bila cheti. Kwa hiyo siku unayoona lori ndiyo siku ya kwenda kata. Usianze na vikao vya familia vya mwezi mzima. Ukishafungua shauri, ambatanisha maombi ya zuio na hati ya dharura. Kama hatari ni ya leo au kesho, sheria inaruhusu usikilizwe peke yako bila kumpa taarifa mwenzako, pale taarifa yenyewe ingelivunja lengo la amri. Amri ya namna hiyo hudumu mpaka siku pande zote zitakaposikilizwa. Kenya wameifunga kwa kamba fupi: siku zisizozidi 14. Ukiipata kwa kuficha jambo muhimu, mfano kwamba kuna kesi nyingine juu ya kiwanja hichohicho au kwamba uliwahi kupokea pesa za mauzo, itafutwa, na hakimu hatakuamini tena hata kwenye shauri kuu.

Ikiwa unayemlalamikia ni Serikali, halmashauri au hata halmashauri ya kijiji, njia inabadilika. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, wote hao unatakiwa kuwapa notisi ya siku 90 kabla ya kuwashtaki, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha kwa tingatinga kumaliza mtaa. Mahakama za Tanzania zimelikubali tatizo hilo, na pale shauri haliwezi kufunguliwa bado hutoa zuio liitwalo Mareva, la kushikilia mambo mpaka notisi iishe. Jina hilo limetoka kwenye kesi ya Uingereza ya mwaka 1975 iliyohusu malipo ya kukodi meli, halina uhusiano wowote na ardhi. Sheria nayo husafiri kwa vyombo vya ajabu. Elewa pia kwamba Amri ya 37 yenyewe hairuhusu zuio la muda dhidi ya Serikali; mahakama inaweza badala yake kutamka haki za pande zote. Mpangilio wa maombi ya aina hii una mitego mingi, na hapa, zaidi ya mahali pengine popote katika mwongozo huu, tafuta wakili. Usipoweza kumlipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa huduma na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya.

Pingamizi zito dhidi ya hoja yangu ni hili: kama zuio linalinda hali ya mambo na si mdai, basi linamtuza mvamizi. Yule mwenye saruji na mafundi kumi anapandisha ukuta usiku kucha, asubuhi anasema hali ndiyo hii, itunzeni. Sitalipuuza pingamizi hili, maana limeonekana kwenye viwanja vingi. Lakini majibu yapo. Kwanza, ndiyo maana nimesisitiza ushahidi wa hali ya kabla ya ugomvi. Mbio za usiku hazimsaidii mtu ambaye tarehe zinamsuta. Pili, mahakama zina uwezo wa kutoa amri ya kutenda, yaani kumwamuru mtu aondoke au abomoe hata kabla ya hukumu, ila kwa masharti mazito: kesi iwe wazi mno, au mpinzani awe amefanya hila ya kuiwahi mahakama. Nchini Kenya kigezo hicho kimerudiwa mara nyingi. Ni sawa mlango huo uwe mwembamba. Fikiria wewe ndiye unayekaa ndani ya nyumba, na mgeni mwenye hati ya kughushi anaomba utolewe leo, ushahidi usikilizwe baadaye. Kanuni inayomchelewesha mwenye haki siku hii ndiyo inayomwokoa mwenye haki siku nyingine, na hakimu wa hatua ya mwanzo hana njia ya kujua yupi ni yupi.

Pingamizi la pili linasema zuio ni silaha ya kukomoa: mtu asiye na dai la maana anakufungia kiwanja miaka mitano huku vifaa vyako vikiota kutu. Hilo lilikuwa na uzito zaidi kabla sheria haijaweka ukomo. Sasa zuio chini ya Amri ya 37 hutolewa kwa muda usiozidi miezi sita, na linaweza kuongezwa, lakini jumla isizidi mwaka mmoja, tena kwa mwombaji anayeonyesha kwamba amekuwa akihangaika kweli kumaliza shauri. Kenya nako, shauri lisipoisha ndani ya miezi 12 zuio linaanguka lenyewe, isipokuwa mahakama ikiona sababu ya kutosha. Wewe uliyezuiwa huna haja ya kusubiri hata hiyo miezi: unaweza kuiomba mahakama iliyotoa amri iibadilishe au iifute. Uende na hoja ya madhara yanayofidika na dhamana mkononi, usiende na matusi.

Ukishapata amri, kazi ndiyo inaanza. Chukua nakala yenye sahihi na mhuri, hakikisha mjibu maombi ameipokea kwa njia inayoweza kuthibitishwa, na mpe nakala mwenyekiti wa mtaa. Mtu aliyeikaidi anaweza kukamatiwa mali na kuwekwa gereza la madai kwa muda usiozidi miezi sita, lakini adhabu hiyo hutolewa na mahakama baada ya wewe kuomba na kuthibitisha, kwa picha na mashahidi, kwamba alijua na akaendelea. Usipeleke vijana wakabomoe ukuta. Siku hiyo wewe ndiye utakuwa mkaidi. Wala usikimbilie polisi kumfungulia kesi ya kuingia kwa jinai huku kila mmoja akidai kiwanja ni chake. Mahakama Kuu ilishasema, katika kesi ya Ismail Bushaija ya mwaka 1991, kwamba ugomvi wa umiliki ukijitokeza katika shtaka la namna hiyo, mlalamikaji aelekezwe kwenye shauri la madai. Utakuwa umepoteza miezi na kurudi pale ulipoanzia.

Na angalia kalenda. Zuio la miezi sita lililotolewa tarehe 10 Machi linakufa Septemba bila mtu kukupigia simu. Andika leo, mahali utakapopaona kila siku, tarehe ya kupeleka maombi ya kuongeza muda, angalau wiki tatu kabla halijaisha.